Bwana Shamba Anajibu: Marigoldi na Nyanya Zinazolala Adhuhuri

SWALI: Assalaam alaikum bwana shamba. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Malindi: nyanya, biringani na bamia za kula nyumbani. Huu mwaka wa pili nyanya zinalala adhuhuri hata nikizimwagilia asubuhi. Jioni zinainuka, lakini zinadumaa. Jirani ameniambia nizungushie bustani maua ya marigoldi, wadudu na minyoo watakimbia. Ni kweli? Nipande miche mingapi?

JIBU: Waalaikum salaam mama. Dawa aliyokutajia jirani ni sahihi, ila namna ya kuitumia siyo.

Kwanza chimbua mche mmoja uliodumaa. Usiuvute, mizizi itakatikia ardhini. Ioshe ndani ya ndoo. Ukiikuta imevimba nundu nundu kama tasbihi, hao ni minyoo fundo; wenyewe huwaoni kwa macho, nao hustawi sana kwenye mchanga kama huu wetu wa pwani. Usije ukazifananisha nundu hizo na vinundu vya kunde. Vile vimeshika ubavuni mwa mzizi, ukisugua kwa kidole vinabanduka, tena ni vya heri. Nundu ya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haibanduki.

Mizizi ikiwa safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize kwenye gilasi ya maji. Ute mweupe ukianza kuteremka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria, na hapo marigoldi haikufai kitu. Ila kwa vile zako zinainuka jioni na zimedumu muda wote huo, mimi nawashuku minyoo.

Mizizi ya marigoldi ina kemikali iitwayo alfa-terthienili, inayowadhuru minyoo wanaoigusa au kuiingia. Nguvu yake haifiki mbali. Kwa hiyo mstari wa maua pembeni mwa tuta utapendeza macho, lakini minyoo walioko chini ya nyanya hawatapata hata habari. Panda marigoldi peke yake, tuta zima, miche ikiachana sentimita 15 hadi 18, ikae miezi miwili au zaidi kabla ya nyanya. Palilia vizuri, kwa sababu magugu mengi huwalisha minyoo walewale. Ukimaliza, kata mashina usawa wa ardhi, mizizi iache humo ioze, majani yatandaze juu ya tuta.

Ukiipanda mvua za masika zinapoanza, mwezi wa nne, hutahangaika na maji, na tuta litakuwa tayari kwa nyanya wakati wa baridi ya kusi. Huna haja ya kulala njaa: gawa bustani mara mbili, nusu maua nusu mboga, msimu ujao ubadilishe. Minyoo hurudi, kwa hiyo zamu hiyo ni ya kudumu.

Dukani tafuta pakiti iliyoandikwa Tagetes patula, ile fupi yenye maua ya manjano na hudhurungi. Kalendula huuzwa kama ndugu yake, lakini ni mmea mwingine. Na usitarajie asumini. Harufu ya marigoldi ni kali, bibi harusi hataitaka.

Kuhusu wadudu wa juu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2019 kwamba marigoldi fupi hupunguza nzi weupe kwenye nyanya. Hayo yalikuwa ndani ya nyumba ya vioo. Kwa upepo wetu mimi nisingeitegemea. Tena wakati wa kaskazi, jua likikaza, marigoldi yenyewe huvamiwa na utitiri mwekundu. Kagua chini ya majani, ukiona utando mwembamba yaoshe kwa maji ya nguvu.

Nyanya zilizoko sasa marigoldi haitaziponya. Vuna kilichopo, kisha zing'oe na mizizi yake, zianike zikauke, uzichome. Usizitupe kwenye shimo la mboji.