Kutu ndani ya tangi la pikipiki

Kaka, nimekuelewa: pikipiki ilikaa nje hapo Igoma, Mwanza, masika yote, tangi nusu, na sasa inazimikazimika huku kabureta ikitoa unga mwekundu. Kusafisha kabureta peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Tatizo liko juu, ndani ya tangi.

Mwaga petroli yote mbali na moto, vua tangi, toa koki na geji, ziba matundu. Tumbukiza nati kadhaa, utikise mpaka mikono ichoke. Zihesabu kabla! Mimi moja ilinigomea humo wiki nzima. Ukishazitoa na kumwaga vumbi, jaza siki hadi shingoni, maana kutu huanzia juu, pale unyevu unapogandia bati lisilofikiwa na petroli. Acha saa 24.

Suuza kwa maji yenye magadi, yale ya kupikia maharage, yaue ukali wa siki. Halafu usizubae: kausha juani papo hapo, bati likibaki na maji litageuka rangi ya chungwa tena mbele ya macho yako. Zungushia oili kidogo ndani, jaza petroli, funga chujio jipya.

Likivuja, usimruhusu fundi wa mtaani alichomelee hivihivi. Mvuke wa petroli hulipuka hata tangi likionekana tupu. Kama bati limekuwa jepesi kama karatasi, nunua jingine.

Na hiyo siki chafu usiimwage mtaroni. Itaingia Mto Mirongo, nao huishia Ziwa Victoria.