Mtoto taya la chini limetangulia, mama ana meno nje: niliyoyapitia kwenye waya za meno

Dada mleta mada, umeuliza mambo mawili. Mwanao wa miaka 8 akifunga mdomo meno ya chini yanakaa mbele ya ya juu, na majirani wanakwambia umwache mpaka amalize kuota meno yote. Halafu wewe mwenyewe una meno nje, una miaka 34, unataka kujua kama umeshachelewa. Naona wengi humu wamekujibu "subiri" kwa mtoto na "achana nayo" kwako. Mimi nasema wamegeuza. Mtoto ndiye asiyetakiwa kusubiri, wewe ndiye huna haraka.

Mimi si daktari. Nimevaa waya miezi 26, na ni mjomba wa mtoto aliyekuwa na tatizo kama la mwanao, kwa hiyo benchi la kliniki ya meno nalijua hadi mguu wake unaoyumba.

Nimezaliwa Arumeru, nikakua na meno mawili ya mbele ambayo shuleni waliyaita ya kufungulia soda. Nikazoea kucheka nimeziba mdomo na kiganja. Nyumbani hakuna aliyeona tatizo: baba anayo, babu alikuwa nayo, basi ni sura ya ukoo. Nilikuja kuhangaika nayo nikiwa na miaka 29, na wala si kwa ajili ya urembo. Nilianguka na bodaboda, mwendo mdogo tu tukikata kona ya vumbi. Mikono ilichubuka kidogo, lakini jino la mbele lilikatika nusu. Daktari aliyeliziba akaniambia, "Hili nitaliziba, ila litavunjika tena. Meno yako ndiyo bampa yako." Akachukua rula ndogo akapima kutoka ncha ya meno ya juu hadi uso wa meno ya chini: milimita 10. Kawaida ni 2 hadi 4 hivi.

Halafu akanipa kioo, akanivuta shavu, akaniambia niume. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa haya mambo. Sisi wote tunatazama meno ya mbele mtu akicheka. Daktari wa kupanga meno anatazama magego mtu akiuma. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Mmarekani mmoja, Edward Angle, mwaka 1899 alilifanya gego hilo kuwa kipimo, na hadi leo madaktari wanakitumia. Daraja la kwanza, magego yanakutana vizuri ila meno ya mbele yamebanana au yamepandana. Daraja la pili, magego ya chini yamebaki nyuma. Daraja la tatu, ya chini yametangulia. Mwanao inaelekea ni wa tatu. Mimi na wewe ni wa pili. Na sisi wa pili mara nyingi si kwamba meno ya juu yamekimbia, ni taya la chini ndilo halikukua vya kutosha. Miaka yote ile nayachukia meno ya juu, kumbe mkosaji yuko chini kanyamaza.

Sasa mwanao. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 7 tulipompeleka. Daktari hakuanza na picha. Alimwambia arudishe taya nyuma kadiri awezavyo, kisha afunge polepole. Meno ya mbele yakagusana ncha kwa ncha, halafu taya likateleza mbele ili magego yapate kukutana. Daktari akasema hiyo ni dalili nzuri: meno ya juu yameota yameinamia ndani, na taya la chini linakwepa kwa kwenda mbele. Akapewa kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua, chenye springi ndogo nyuma ya meno ya juu na vitako viwili juu ya magego vya kuyaachanisha ili meno ya mbele yapate upenyo wa kuvuka. Miezi mitano. Siku meno yalipovuka dada alilia, mtoto akauliza kama sasa anaruhusiwa karanga.

Mtoto asiyeweza kabisa kurudisha taya hadi hapo ncha kwa ncha, tatizo lake huenda liko kwenye mfupa wenyewe, na mara nyingi ni taya la juu lililokua kidogo. Huyo hupewa kinyago kinachoegemea paji la uso na kidevu, na vimpira vinavyovuta taya la juu kuja mbele. Anakivaa kama saa 12 hadi 14 kwa siku, yaani akitoka shule na usiku kucha. Hapa ndipo "subiri" inapoumiza. Mishono ya mifupa ya taya la juu kwa mtoto bado haijakaza, kwa hiyo mfupa unasikia ukivutwa. Kuanzia miaka 10 hivi kinyago kinaanza kuvuta meno zaidi kuliko mfupa. Kliniki nilikuwa nakutana na kijana wa miaka 20 mwenye kidevu kilichotangulia, mpole, anakuja na daftari lake la chuo. Yeye ilibidi asubiri amalize kukua ndipo apangiwe upasuaji wa taya, na waya kabla na baada. Tangu darasa la pili alikuwa anaambiwa yatajipanga yenyewe.

Ila nisikudanganye. Kama kidevu cha namna hiyo kiko kwenye ukoo wenu, taya linaweza kuendelea kukua wakati wa balehe na kurudisha tatizo, hata baada ya kinyago. Daktari wetu alituambia hivyo siku ya kwanza kabla hatujatoa hela, na ndiyo sababu nilimwamini. Mtoto bado anapimwa kila mwaka.

Ukiwa huko mwombe pia atazame pembeni. Wapo watoto ambao magego ya juu ya upande mmoja, mtoto akiuma, yanaangukia ndani ya yale ya chini, kwa sababu kaakaa ni jembamba. Mtoto anazoea kusogeza taya upande, na uso unakua umepinda. Dawa yake ni kifaa cha kutanua kaakaa chenye skrubu katikati. Mzazi anaizungusha kwa kijifunguo nyumbani, robo milimita kila mzunguko. Baada ya siku kadhaa mwanya mkubwa hujitokeza katikati ya meno ya mbele. Usishtuke, ndiyo ishara kwamba mfupa umefunguka, na utajifunga.

Na kuna wa kunyonya kidole. Binamu yangu alinyonya hadi darasa la tatu. Akiuma, magego yanakutana lakini mbele pamebaki dirisha, chapati anaikata kwa meno ya pembeni. Bibi alimpaka shubiri kidoleni, akaizoea. Mtoto akiacha mapema, kabla au wakati meno ya kudumu ya mbele yanaota, dirisha mara nyingi hujifunga lenyewe. Akichelewa, ulimi nao unajifunza kujichomeka pale kila anapomeza, na hapo kazi inakuwa ndefu.

Nije kwako. Miaka 34 si kitu, mradi fizi ziko salama. Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikiliwa na nyuzi laini kuzunguka mzizi. Ukilisukuma taratibu, mfupa wa mbele yake unaliwa, wa nyuma yake unajengwa, na jino linatembea, kama milimita moja kwa mwezi. Hilo hutokea kwa mtoto na kwa mzee. Ndiyo maana kumwomba daktari akaze sana ili umalize haraka ni kujiumiza, maana nguvu kubwa inaweza kula mizizi yenyewe. Kama fizi zinatoka damu au meno yanacheza, hayo yatibiwe kwanza. Waya juu ya fizi mbovu ni kuharakisha kung'oka.

Kilichobadilika kwa mtu mzima ni taya. Halikui tena, hivyo hakuna cha kulivuta. Yanabaki mambo mawili: upasuaji, au kuficha tofauti kwa kusogeza meno. Mimi niling'olewa magego madogo mawili ya juu, moja kila upande, nafasi ile ikatumika kurudisha meno ya mbele nyuma. Wiki ya kwanza nilijutia kila kitu, sikuweza hata kutafuna ndizi za kupika. Waya wa mwanzo ni wa nikeli na titani, unaokumbuka umbo lake: baridi unalegea, joto unakaza, kwa hiyo maji ya baridi yalikuwa panadoli yangu na chai ya moto ilikuwa adhabu. Metali hiyo inaitwa nitinoli, na herufi za mwisho za jina lake zinatokana na maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani ilikotengenezwa. Eti ndiyo iliyolala mdomoni mwangu.

Kwa wenzangu wa Arusha na Kilimanjaro kuna jambo la ziada. Maji yetu yana floraidi nyingi, meno yanakuwa ya kahawia, na gamba la jino lililoathirika halishiki gundi vizuri. Vibati vyangu, vile vinavyogundishwa kwenye meno ili waya upite, viling'oka mara nne, na mara moja tu ndiyo nilikuwa na hatia, nilitafuna muwa. Mwambieni daktari mapema mlikokulia ili aandae jino ipasavyo, na uliza kama kibati kikibanduka unalipia tena. Mimi sikuuliza. Jingine dogo: vimpira vyeupe vinavyoshika waya vinageuka njano kwa manjano ya kwenye mchuzi. Nilihudhuria harusi moja ya pilau na mchuzi wa kuku, wiki tatu zilizofuata nilionekana kama sijawahi kuuona mswaki. Chukua rangi ya kijivu.

Hela: nililipa kidogo kidogo, kianzio kisha kila mwezi, na kadi yangu ya bima haikugusa chochote. Usilipe yote siku ya kwanza popote pale. Hospitali zinazofundishia huwa na unafuu na kuna mabingwa wenyewe. Kwa Dar anzia Muhimbili. Kliniki ya kwanza niliyokwenda, siitaji, ilitaka kunibandika waya siku hiyohiyo bila picha ya eksirei wala kupiga nakala ya meno. Nikaondoka. Bila picha utajuaje mizizi iko vipi, au kama kuna jino limelala ndani ya mfupa?

Sasa kosa langu mwenyewe, na hili naomba ulisome mara mbili. Waya zilipotolewa nilipewa riteina, kifaa cha kuvaa na kuvua kinachoshikilia meno yasirudi yalikotoka. Mfupa mpya bado mlaini na zile nyuzi za fizi zinataka kurudi zilikotoka. Nilivaa miezi minne, nikaona meno yamenyooka kama mstari, nikaanza kuruka siku. Kisha nikiwa kwa mama ntilie mchana nikaivua, nikaifunga kwenye tishu, nikaiweka pembeni ya sahani. Unajua mwisho wake. Nilirudi kuchakura kwenye ndoo ya taka mbele ya wateja, sikuipata. Kutengeneza nyingine nikaahirisha miezi sita kwa sababu ya ubahili, na jino lililovunjika likaanza kujitokeza tena. Nimelipa nusu ya gharama ya mwanzo kulirudisha. Siku hizi riteina ina kikopo chake, na nyuma ya meno ya chini nimebandikwa kawaya kasikotoka.

Mawili ya mwisho, kwa wanaosoma kimya. Msivae mpira wa kufungia noti kwenye meno ili kuziba mwanya, hata kama mmeona video. Mpira unateleza kwenda chini ya ufizi kufuata mzizi, unakula mfupa bila kuonekana, na watu wamepoteza meno mazima mawili ya mbele. Halafu mwanya wenyewe kwetu ni uzuri, sijui nani katuambia tuuzibe. La pili, wanaong'oa watoto wachanga yale wanayoita meno ya plastiki wakiharisha: kile kinachochokonolewa ni chonge changa ambalo halijaota. Kuhara hakuponi, na mtoto anakua na chonge la kudumu lililoharibika au lisilokuwepo kabisa. Hivyohivyo magego ya utoto yakitoboka yazibwe, yasing'olewe ovyo kwa kuwa "yatatoka tu". La pili la utoto linatakiwa likae hadi miaka 10 au 12 likitunza nafasi. Likiondoka mapema, gego la nyuma linasogea mbele, na la kudumu linaota juu ya wenzake. Kama ni lazima litoke, omba kifaa cha kushikilia nafasi.

Dada, usiku huu kabla mwanao hajalala mkalishe kwenye mwanga, mwambie arudishe taya nyuma na afunge polepole, uone kama ncha zinagusana. Jibu lolote utakalopata, kliniki muende mwezi huu. Ukishaona, rudi hapa uandike ilikuwaje, na useme upo mkoa gani.