Kosa la Programu Ambalo Mteja Hajaliona

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaongoza kampuni ya programu za kompyuta yenye wafanyakazi saba. Kijana wetu mmoja amegundua kwamba programu tuliyoiuzia SACCOS moja huendelea kutoza riba juu ya mkopo wa awali hata mwanachama akishalipa sehemu kubwa ya deni. Mteja hajang'amua, na mkataba wetu unahuishwa mwezi ujao. Mbia wangu anataka turekebishe kimya kimya. Je, uadilifu hautatuua kibiashara?
Mkurugenzi, Morogoro

JIBU: Ndugu Mkurugenzi, mwambie mteja kabla ya kusaini, tena ukiwa na hesabu mkononi. Mwanachama aliyekopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, inayopaswa kukokotolewa juu ya salio, akibakiwa na 1,200,000 hudaiwa riba ya 12,000. Programu yenu inamtoza 20,000. Hizo 8,000 ni fedha zake, na marekebisho ya kimya kimya hayamrudishii hata senti. Isitoshe, riba ikishuka ghafla mhasibu atauliza sababu, nanyi mtakuwa na makosa mawili ya kujieleza.

Hoja ya biashara, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi, imo kwa yule kijana. Katika kampuni ya watu saba hakuna kitengo cha ukaguzi. Mkurugenzi huzijua kasoro za bidhaa yake kwa sababu tu watumishi wanathubutu kumletea. Kijana huyo akiona taarifa yake imefukiwa, kasoro ya pili ataifukia mwenyewe, nawe utaisikia kwa mteja aliyekwisha kughadhibika.

Shirika la posta la Uingereza lilishikilia kwa miaka mingi kwamba Horizon, mfumo wa hesabu uliotengenezwa na Fujitsu, ni wa kuaminika. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa matawi zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo huo, uliokuja kubainika kuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta nyingi ya hukumu hizo. Kampuni kubwa kama Fujitsu hustahimili aibu ya namna hiyo. Yenu, inayopata kazi kwa SACCOS moja kuisimulia nyingine, haitastahimili.

Mteja anaweza kukuacha, sikuahidi vinginevyo. Barua iandike wewe, si mbia wako, ieleze kosa lilianza lini na limegusa akaunti zipi, na mjitolee kukokotoa upya bila malipo. Jina la kijana lisitajwe.