Umechuja mbu wote, mwanangu. Na huyu ngamia?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29 na huu ni mwaka wa nne tangu niokoke. Naogopa kuanguka. Kila usiku naandika kwenye daftari dhambi zote za siku hiyo, na siku hizi naandika mpaka saa sita na bado nahisi ipo niliyoisahau. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mfungo nikanywa maji kwa kusahau: mfungo ule umehesabika, au nianze upya? Mwenzangu kazini kaoa kwa taratibu za dini nyingine nami nikamchangia: nimeshiriki ibada isiyo yangu? Nyimbo za mapenzi zikipigwa ndani ya basi, nishuke? Aliyekuwa mchumba wangu alinitumia pole nilipofiwa, nikamjibu "asante", kisha nikatubu siku tatu. Dada ninayeishi naye anasema nimekuwa mtu wa kuchosha. Naomba kanuni za kufuata ili nisimame. Tena, uniombee na kazini. Mimi ni mtunza stoo. Mkuu wangu huniletea hati za kupokelea mzigo nisaini kabla mzigo haujafika, na mingine haifiki kabisa. Ndiye aliyenipa kazi nilipokuwa sina hili wala lile, na Neno linasema tuwatii walio juu yetu.*

*Nisimame Vipi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako hapa nimeifupisha, ila mwenyewe nimeisoma yote mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nahesabu mistari. Maji ya mfungo umeyapa nusu ukurasa. Ile "asante" imepata ukurasa mzima. Hati za mzigo zimepata mistari minne, chini kabisa, baada ya neno "tena". Nimejibu barua za watu kwa muda wa kutosha kujua kwamba jambo zito hukaa baada ya "tena", au baada ya "nilitaka kusahau". Mtu anaandika mengine yote kwanza ili akifika pale awe amechoka, na msomaji naye awe amechoka.

Mimi sijachoka. Lakini tuyaondoe madogo njiani kwanza.

Maji uliyanywa kwa kusahau, ukakumbuka, ukaendelea na mfungo. Yamekwisha. Kuhusu harusi, Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi katikati ya mahekalu ya sanamu, kwamba asiyeamini akiwaalika chakula nao wakapenda kwenda, waende wale bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:27). Mpaka aliouweka ni pale mtu anapowaambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka kwa sanamu. Wewe ulimtakia mwenzako heri, hukumsujudia mtu wala kitu. Nyimbo za basi, kaa kwenye kiti chako ufike uendako. Mimi nilipookoka nilizima redio miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili ulimi wangu haukupumzika hata siku moja kusengenya watu, tena wengine wa kwayani kwetu. Na aliyekupa pole msibani, "asante" ndiyo adabu yenyewe. Kama moyo bado unamtaka, hilo ni jingine, mwambie Mungu hivyo kwa sentensi moja ulale.

Kulala ndiko kunakonipeleka kwenye daftari. Hofu ya namna yako ni ya zamani sana, hata wanatheolojia waliipa jina la Kilatini lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha, kama kile kinachoingia kiatuni. Hakiui, lakini kila hatua unakihisi, mpaka hutazami tena njia, unatazama mguu tu. Martin Luther alipokuwa mtawa kijana, baada ya kuingia utawani kule Erfurt mwaka 1505, alikuwa nacho. Alikuwa akiungama kwa saa nyingi mfululizo, anatoka, anakumbuka kingine, anarudi. Mlezi wake Johann von Staupitz alichoka naye, akamwambia alete dhambi za kweli, siyo vitu vya kitoto. Huo haukuwa ukali usio na huruma. Mzee yule aliona kwamba kijana anamtazama Mungu kama karani anayesubiri kosa la hesabu.

Kwa hiyo orodha ya usiku, isimamishe. Toba ya jioni dakika kumi zinaitosha. Na kama ukiacha kuandika unashikwa na hofu kiasi cha mwili kutetemeka na usingizi kupaa, usijilaumu kuwa huna imani. Mwone mchungaji wako, na umwone pia mtaalamu wa afya ya akili. Wapo watu ambao hofu ya dhambi kwao imekuwa ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba.

Sasa hizo hati.

Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanachuja mbu na kumeza ngamia (Mathayo 23:24). Tunalicheka neno hili bila kukumbuka kwamba kuchuja mbu lilikuwa jambo la kweli. Mdudu kama yule alikuwa najisi katika Torati, basi mcha Mungu alipitisha divai kwenye kitambaa asije akammeza. Ngamia naye ni najisi, Walawi 11 inamtaja kwa jina. Kwa hiyo Yesu hakusema mbu ni halali, wala hakuwakataza kutoa zaka ya mnanaa. Alisema umakini wao wote umeishia kwenye kitambaa. Wewe, mwanangu, una kitambaa kizuri mno. Umekishika kwa mikono miwili mpaka saa sita za usiku, na kila mwezi ngamia anapita kooni akiwa na muhuri wa stoo.

Tutenganishe mambo mawili uliyoyaandika kwa pumzi moja. Kusaini leo mzigo unaofika keshokutwa ni tabia mbaya na ya hatari, kwa sababu ukipungua njiani, karatasi inasema ulifika kamili. Kusaini mzigo usiofika kabisa ni kitu kingine. Hati ile inaambatanishwa na ankara, na kwa nguvu ya sahihi yako mtu analipwa kwa kitu ambacho hakuleta. Sahihi ni ushahidi. Ukisaini "nimepokea" ilhali hukupokea, umetoa ushuhuda wa uongo, amri ile ile uliyokaririshwa utotoni, na ushuhuda huo ndio unaofungua sanduku la fedha. Huenda hujapata hata senti. Mlango umeufungua wewe. Tena angalia jina lililo kwenye hati hizo zote: la kwako. Mkaguzi wa hesabu akija, mkuu wako hana hata nukta ya wino pale.

Utaniambia: naogopa, nitafukuzwa. Swali hilo limewahi kufikishwa hadi Roma. Usishtuke ninapomleta Papa kwenye barua ya mlokole, wazee wale walizichambua dhamiri za watu kwa uvumilivu ambao sisi wa siku hizi hatuna. Walikuwapo walimu waliofundisha kwamba mtumishi anayempa bwana wake bega apande dirishani kwenda kumharibu msichana, au anayemshikia ngazi, au anayemfungulia mlango, hana dhambi ya mauti ikiwa anaogopa hasara kubwa. Hofu zenyewe walizitaja: asije akatendewa vibaya, asije akatazamwa kwa jicho kali, asije akafukuzwa nyumbani mwa bwana. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 aliyapiga marufuku mafundisho hayo. Hofu ya mtumishi ilijulikana, iliandikwa waziwazi, na bado ikaonekana kwamba haitoshi kumfanya aishike ile ngazi. Inapunguza lawama, ndiyo. Ngazi haiachi kuwa ngazi.

Jicho kali ndilo linalotushinda wengi kuliko kufukuzwa kwenyewe. Nadhani nawe unalijua.

Kuhusu utii: wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliamriwa na Farao mwenyewe na hawakutii, na Kutoka sura ya 1 inasema Mungu akawatendea mema. Walio juu yetu tunawatii katika kazi yao. Kuidanganya stoo si kazi ya mkuu wako. Na kuhusu fadhila, hapa nataka unisikilize vizuri, maana naona ndipo penye fundo. Aliyekupa kazi anakudai shukrani, sibishi. Lakini shukrani hulipwa kwa kilicho chako: heshima yako, bidii yako, kumtetea anaposingiziwa, kumtembelea akiugua. Wewe unamlipa kwa mali ya mtu wa tatu. Yusufu alipomkatalia mke wa Potifa, hakuanza na neno dhambi. Alianza na uaminifu: bwana wangu ameweka vyote mikononi mwangu. Ndipo akafika kwenye kumkosea Mungu. Jiulize nani ameweka stoo mikononi mwako. Mkuu wako ni mwajiriwa kama wewe. Bwana wa mali ni mwingine, na huyo ndiye anayelala akiamini kuwa funguo ziko kwa binti aliyeokoka.

Uliomba kanuni. Sina. Nina mtu wa kukuonyesha, Danieli, na simaanishi yule wa simba. Namaanisha kijana wa sura ya kwanza. Alipewa jina la kipagani, Belteshaza, akaitika. Alifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, akasoma akafaulu. Mbu wale wote hakuwachuja. Alichagua mahali pamoja pa kusimama, chakula cha mfalme, na aliamua moyoni kabla sahani haijawekwa mbele yake. Kisha akaomba kwa adabu. Mkuu wa matowashi akasita kwa kuhofia kichwa chake, naye Danieli hakumhubiria. Alikwenda kwa msimamizi akiwa na pendekezo linalotekelezeka: tujaribu siku 10, kisha mtuangalie.

Fanya vivyo hivyo. Amua leo, ukiwa umekaa peke yako, maana karatasi ikishafika mezani na mtu amesimama mbele yako akiwa na haraka, hutaamua chochote, utasaini. Andaa maneno yako mapema, machache: "Mkuu, mzigo ukifika nitaupokea na kusaini saa hiyo hiyo, hata kama nimeshatoka nitarudi. Kabla haujafika sitaweza." Usiseme "wewe ni mwizi". Usitaje Biblia pia, labda akuulize. Ukianza na mistari ataibadilisha hoja iwe dini yako. Kila unaposaini, andika kwa mkono wako tarehe ya kupokea na idadi uliyoihesabu wewe.

Hati zilizopita ni ngumu zaidi, na hapa usikurupuke kwa jazba ya kuungama. Yesu alisema tuwe na busara kama nyoka. Kabla hujamwambia mtu yeyote kazini, tafuta mwanasheria au mtu anayeijua sheria ya kazi, umweleze yote, akuambie ukweli huu upelekwe kwa nani na kwa njia gani. Lakini upelekwe. Zakayo hakuishia kwenye kutoiba tena. Na kuanzia sasa tafuta kazi nyingine kimyakimya. Huko si kukosa imani.

Sitakuahidi kwamba Mungu atakupa kazi nzuri kuliko hii. Shuhuda tunazozisikia madhabahuni hutolewa na wale ambao mambo yaliwanyookea. Wengine wapo viti vya nyuma, walisema ukweli wakapoteza walichokuwa nacho, na hakuna aliyewapa kipaza sauti. Yusufu kwa kukataa alikwenda gerezani, na mnyweshaji aliyeahidi kumkumbuka alimsahau miaka 2 mizima. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno ninayoyapenda kuliko hata muujiza uliofuata: "Bali kama si hivyo." Walikuwa wameipiga hesabu ya upande ule pia. Nawe ipige: akiba yako ni ya miezi mingapi, nani atakupokea, dada unayeishi naye mtagawana vipi kodi. Mwambie mapema, mkiwa mmekaa. Huenda akashangaa kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu unamletea jambo lenye uzito.

Daftari usilitupe. Kesho kabla hujafungua stoo, ligeuze uanze ukurasa wa nyuma, uchore mistari: tarehe, namba ya hati, mzigo ulioandikwa, mzigo ulioonekana kwa macho. Jaza hizo tu, kila siku, na urudi nalo nyumbani. Usiku ukikumbuka yale maji uliyoyanywa, zima taa.

Niandikie utakapokuwa umeshasema naye, hata kama yameharibika. Hasa kama yameharibika.

Shangazi