Kahawa ya barafu na late ya barafu: hukupunjwa, dada

Dada umeuliza kwa nini uliagiza kahawa ya barafu mjini ukaletewa kitu cheusi, huku mwenzako aliyeagiza late ya barafu akiletewa kinywaji cha maziwa, tena cha bei ya juu. Hukupunjwa. Nimekuwa barista, yaani mtengeneza kahawa mkahawani, huko Westlands, Nairobi, miaka minne, na swali lako nililisikia karibu kila siku jua la Januari likiwaka.

Kahawa ya barafu ni kahawa iliyochujwa kwa maji kisha ikapozwa. Maziwa ni hiari yako, tone tu. Late yenyewe hasa ni maziwa, na ndiyo maana ya neno hilo kwa Kiitaliano. Mashine husukuma maji kwa nguvu kupitia gramu kama 18 za kahawa iliyosagwa laini, na kwa sekunde 25 hadi 30 unapata espreso ya mafunda mawili hivi. Inamiminwa juu ya maziwa baridi na barafu. Ukitazama glasi kabla ya kukoroga, unaona nyuzi za kahawia zikishuka polepole ndani ya weupe.

Maziwa yakipashwa moto huwa matamu zaidi mdomoni, kwa hiyo aliyezoea late ya moto bila sukari ataiona ya barafu imepooza. Sukari ya kawaida nayo haiyeyuki vizuri kwenye baridi, inalala chini. Omba shira.

Mimi niko upande wa kahawa ya barafu, hasa kwa kahawa yetu. Ile ya Nyeri na Kirinyaga, ya mibuni ya aina za SL28 na SL34, ina uchachu wa matunda unaong'aa ikiwa baridi. Kuizamisha kwenye maziwa ni kuionea. Kwa late tafuta iliyokaangwa ikakolea.

Ila ichujwe nzito. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimimina kahawa ya kawaida, ya moto, juu ya vipande vinne vya barafu, vikayeyuka vyote kabla sijafika mezani. Mama mmoja akaonja, akanirudishia glasi: "Mwanangu, haya ni maji ya kusuzia sufuria." Alisema kweli. Barafu ni sehemu ya maji ya kahawa, lazima uihesabu.

Nyumbani fanya hivi: barafu gramu 200 ndani ya jagi, juu yake kichujio cha karatasi chenye kahawa gramu 30, kisha maji moto mililita 300, ukimimina kidogo kidogo kwa kuzungusha. Kahawa idondokee barafu moja kwa moja, harufu isipotee. Utaambiwa ungoje maji yapoe kwanza. Hilo waachie watu wa Mombasa. Nairobi tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, joto linaloifaa kahawa kabisa.

Late bila mashine? Birika la moka, lile dogo la kupikia kahawa juu ya jiko, litakupa kahawa nzito ya kutosha, ingawa si espreso kamili. Mililita 60 kwa maziwa 180.

Halafu kuna mikahawa ambayo "kahawa ya barafu" yao husagwa na aiskrimu na shira. Kabla ya kulipa, uliza: imechujwa au ni espreso, na maziwa ni kiasi gani?