Jeni zinazilindaje seli zinazochuja damu kwenye figo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mpwa wangu wa miaka 6 anapoteza protini nyingi kwenye mkojo na mwili unamvimba. Ametumia steroidi wiki nyingi bila nafuu, na sasa tumeshauriwa apimwe jeni, ingawa wazazi wake wote ni wazima. Nimesoma kwamba zipo jeni zinazolinda seli za kuchuja. Jeni inailindaje seli? Na tukishajua majibu, kuna kitakachobadilika?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Ndiyo, kuna kinachobadilika, ila tuanze na seli yenyewe.

Kila figo ina machujio yapatayo milioni moja, na figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Kapilari za kila chujio zimefunikwa kwa nje na seli ziitwazo podosaiti. Zina miguu mingi inayopishana na miguu ya seli jirani, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na katikati ya miguu hiyo kuna utando mwembamba sana. Maji na chumvi hupenya. Albumini, protini kuu ya damu, karibu yote hubaki.

Podosaiti ikishakomaa haigawanyiki tena. Ikibanduka na kutoka na mkojo, mwili hauna njia ya uhakika ya kuziba pengo lake. Panya wa maabara waliopoteza zaidi ya 40% ya podosaiti waliota makovu kwenye machujio yao. Ndiyo maana ninaposikia mtu akiuliza kuhusu ulinzi wa seli hizi, nafikiria kwanza matunzo: seli ileile, chini ya shinikizo la damu lisilokoma, inapaswa kujikarabati miaka yote. Jeni ndizo zinazobeba maelekezo ya ukarabati huo.

Jeni ya NPHS1 hutengeneza nefrini, protini inayofuma ule utando. NPHS2 hutengeneza podosini, inayoishikilia nefrini mahali pake. ACTN4 huhusika na nyuzi za ndani zinazoipa miguu umbo. COQ2, COQ6 na COQ8B huhusika na koenzaimu Q10, ambayo mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, huihitaji kufanya kazi yake. Nyingine husaidia seli kuhimili mashambulizi. KLF15, kwa mfano, huamuru jeni nyingine zifanye kazi, na panya wasio nayo huumia figo zaidi wanapopewa sumu inayodhuru podosaiti. Steroidi nazo huiamsha KLF15, kwa hiyo sehemu ya faida yake huenda moja kwa moja kwenye podosaiti, mbali na kutuliza kinga ya mwili.

Ugonjwa wa kurithi huja pale moja ya jeni hizi inapoharibika. Wazazi wanaweza kuwa wazima kabisa: kila mmoja ana nakala moja mbovu ya NPHS2, tuseme, na nyingine nzima inayotosha. Mtoto akirithi zile mbovu mbili, utando haushikiki. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 25%.

APOL1 ni habari nyingine, na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi. Protini yake huua vimelea vya malale. Mwaka 2010 watafiti walieleza aina zake mbili, G1 na G2, zinazouongezea mwili nguvu dhidi ya vimelea hivyo lakini hudhuru podosaiti kwa mtu aliyerithi nakala mbili. Aina hizo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, wengi wenye nakala mbili hawaugui figo. Mara nyingi huhitajika kichocheo kingine, kama VVU visivyotibiwa. Zaidi ya hapo, badiliko dogo liitwalo N264K, likiwa kwenye nakala ya G2, huidhoofisha protini hiyo na kuipunguza hatari sana. Huo ni ulinzi wa kijeni hasa. Dawa ya inaxaplin imebuniwa kuizuia protini hiyohiyo, na katika jaribio dogo lililochapishwa 2023 ilipunguza protini kwenye mkojo kwa karibu nusu ndani ya wiki 13.

Sasa mpwa wako. Miongoni mwa watoto wasioitikia steroidi, karibu 3 kati ya 10 hukutwa na jeni moja iliyoharibika. Jibu likiwa hivyo, kwa kawaida hakuna sababu ya kuendelea kumpa dawa kali za kushusha kinga, zenye madhara mengi na faida ndogo kwake. Ikiwa siku moja atahitaji kupandikizwa figo, ugonjwa huwa na nafasi ndogo ya kurudi kwenye figo mpya. Na tatizo likiwa kwenye jeni za koenzaimu Q10, baadhi ya watoto hupata nafuu wakipewa koenzaimu hiyo, hasa wakiwahiwa. Dawa za kupunguza shinikizo ndani ya chujio, kama enalapril, hutumika bila kujali jeni, kwa uangalizi wa daktari.

Kabla hajatolewa damu, muulizeni daktari wake kama kipimo hicho kinasoma jeni za COQ pamoja na NPHS2 na WT1, jeni nyingine ya podosaiti. Steroidi msizikatishe ghafla wenyewe. Zinahitaji kupunguzwa taratibu.