Mkuu, miezi 7 huyo bado mtoto, usimtoe usiku

Usiende. Nimesoma ulichoandika mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Una lacha jike wa miezi 7, yaani mbwa wa kuwinda, chotara wa greihaundi (mbwa wa mbio) na kolii (mbwa wa kuchunga kondoo), mwenye shamba hapo Lincolnshire, Uingereza, amekuruhusu kupunguza sungura, na jirani yako mzee anataka Ijumaa mkamwonjeshe wawili watatu kwa tochi, yaani awakimbize gizani kwenye mwanga wake, "ili damu ichangamke". Mkuu, damu hiyo itachangamkia mezani kwa daktari wa mifugo.

Maneno hayo nayajua. Nilipewa na jamaa aliyeniuzia mbwa, tena kwa sura ya mtu anayekupa siri ya ukoo. Eti ukichelewa mbwa anazoea sofa, anakuwa mzembe, hutamrudisha tena. Yeye kafuga lacha tangu utotoni, mimi nimetoka Singida juzi, ningembishia kwa lipi? Halafu kwetu mbwa wa kuwinda anafuata wakubwa zake porini angali mdogo, kwa hiyo ushauri wake ukaniingia kama maji kwenye mchanga. Sikufikiria kwamba yule wa kwetu anakwenda mwendo wake na akichoka analala kivulini. Lacha ana miguu ya greihaundi, anapita kilomita 50 kwa saa, na akili ya kujua lini aache hana.

Wangu alikuwa na miezi 8. Usiku wa kwanza akashika, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana angekosa huenda ningerudi kulala. Nikamwachia mwingine, na mwingine, jamaa pembeni anacheka, "umeona sasa?" Mwishowe sungura mmoja akakata kona karibu na ua wa miti, mbwa akakata naye, mguu wa mbele ukazama kwenye shimo. Hakulia sana. Alirudi anachechemea, bingwa wetu akampapasa kwenye mwanga wa tochi na kutoa hukumu: msuli umevutika tu, mpumzishe siku chache. Nikampumzisha. Uvimbe ukashuka, nikawa najisifu kwa mke wangu kwamba tumeokoa hela ya daktari. Wiki kadhaa baadaye nikaona wayo wa mguu ule umegeukia nje, kama vile mbwa anataka kukata kona huku amesimama.

Eksirei ndiyo iliyonifungua macho. Mifupa ya mbwa mchanga hurefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka la gegedu ambalo bado halijawa mfupa. Chini ya kiwiko mguu wa mbele una mifupa miwili inayokwenda sambamba. Tabaka la mmoja likipondwa, huo unasimama kukua, mwenzake anaendelea, na kwa kuwa imefungwa pamoja, mguu unapinda. Siku ya ajali kwa macho huoni kitu. Huyo wako naye anakudanganya kwa kimo, maana kwa miezi 7 amekaribia urefu wa mbwa mzima, ila ndani bado mbichi.

Upasuaji ulikuwa maelfu ya pauni. Nikakimbilia bima. Walipofika kwenye neno "uwindaji" wakanionyesha kipengele kinachosema mbwa wa kazi hahusiki, mimi nilikata bima ya mbwa wa nyumbani. Kwa hela ile ningekuwa na ng'ombe Singida hivi sasa, na shemeji yangu hanisahaulishi. Mbwa yupo, anakula vizuri, ana sofa yake. Kumbe jamaa alitabiri kweli kuhusu sofa! Nilipompigia kumweleza akaniambia labda damu ya kolii ndiyo ina kasoro. Alikuwa ameniuzia yeye.

Kwa hiyo sheria yangu, na hii ndiyo nataka uondoke nayo: kabla hajafikisha mwaka, hakimbizi sungura kwenye mwanga, hata mmoja, hata yule aliyekaa tu. Akiwa mkubwa wa umbo, au ana damu ya diahaundi, lile jamii la mbwa warefu wakubwa, ngoja miezi 15 mpaka 18. Ukiona ni woga wa mgeni, tazama mbio za greihaundi za hapahapa Uingereza. Kwenye viwanja vyenye leseni mbwa hashindani kabla ya miezi 15, na pale anakimbia mchana au chini ya taa, juu ya mchanga uliosawazishwa. Wewe unataka umwachie gizani kwenye mashimo na seng'enge akiwa nusu ya umri huo.

Kinachotuponza ni kalenda. Msimu wa tochi ni toka vuli hadi mwisho wa baridi, usiku mrefu na majani mafupi. Mtoto aliyezaliwa Februari au Machi anaingia Oktoba akiwa na umri kama wa huyo wako, anaonekana mkubwa, nawe roho inakudunda kwamba msimu unapita. Uache upite. Vuli inayofuata atakuwa na mwaka na nusu, mifupa imefunga, akili imetulia, na kuna misimu mingi mbele yake.

Kuna hasara nyingine ambayo haina daktari. Mbwa mchanga akiachiwa sungura wenye mbio asioweza kuwafikia, anaanza kubweka huku akikimbiza. Tabia hiyo ikishaota haitoki, na shamba zima linaingia mashimoni kabla hujawasha tochi tena.

Mpaka hapo mfundishe kurudi ukimwita, kukuletea kitu mkononi bila kukitafuna, kupita katikati ya kondoo kama hawaoni. Mchana, ukipata mwenye fereti, kale kamnyama kanakoingia mashimoni kufukuza sungura, akae akiangalia sungura wakitolewa mashimoni. Ila usimpeleke usiku kutazama wenzake wakikimbia, atajifunza kulia na kuvuta kamba. Siku yake ikifika chagua usiku wa giza na upepo, sungura aliyelala mbali na ua, mmoja au wawili, kisha garini angali ana hamu.

Na ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi, mfukoni. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004 inakuruhusu sungura wa mashimo kwa ridhaa ya mwenye ardhi, lakini yule mkubwa wa masikio marefu anayelala juu ya ardhi, hare, usimguse kabisa. Polisi wa Lincolnshire wana operesheni yao, Galileo, kwa ajili ya wanaowakimbiza hao, na tangu 2022 adhabu zimeongezwa, mahakama inaweza hata kukuzuia kufuga mbwa. Sasa fikiria mtu mweusi, mbwa mrefu na tochi kubwa shambani saa saba usiku. Utajieleza, tena kwa Kiingereza.

Umeuliza pia tochi ya aina gani na chakula, na kama umfunge kizazi. Nimeona. Nitarudi kesho, sasa hivi naingia shifti.